Nane ya Historia

Sogeza kiti, wewe unayengoja matokeo ya kidato cha nne. Mzazi wako naye asogee, maana ninalotaka kusimulia linawahusu wote wawili. Nitakwenda polepole. Ukiona nimekuacha mahali, rudi mstari mmoja nyuma. Mimi sina haraka.

Tuanze na shule zenyewe, jinsi zilivyokuwa Uganda wakati wetu, katikati ya miaka ya elfu mbili. Mpaka kidato cha nne mwanafunzi alisoma karibu kila kitu: hesabu, historia, biolojia, dini, hata kilimo. Kisha ukaja mtihani wa taifa. Aliyefaulu aliendelea na kidato cha tano na cha sita, lakini huko aliingia na masomo matatu makubwa tu, yanayokwenda pamoja. Mafungu hayo tuliyaita kombinesheni. Kulikuwa na fungu la biolojia, kemia na fizikia, kulikuwa na fungu la historia, uchumi na jiografia, na mengine. Ulichagua mara moja. Aliyekwenda upande wa historia hakurudi tena maabara, na chuo alichokuja kusomea baadaye kilitegemea chaguo hilo.

Halafu kulikuwa na alama. Katika mtihani wa kidato cha nne kila somo lilipewa namba, kuanzia moja mpaka tisa. Moja ilikuwa ya juu kabisa. Tisa ilikuwa kuanguka. Yaani namba ilipokuwa ndogo ndipo ulipokuwa umefaulu zaidi. Lishike hilo vizuri, kwa sababu baba yangu hakulijua.

Baba alikuwa mwalimu wa shule ya msingi huko Kivu Kusini, nchini Congo, kabla vita havijatutoa. Tulipofika Uganda, kwenye kambi ya wakimbizi ya Nakivale, mimi nilikuwa mtoto wa kushikwa mkono. Kwa kuwa hakujua Kiingereza, hapa hakupata darasa. Akapata shamba, akalima mahindi na maharage kama wengine. Lakini ualimu haukumtoka. Jioni, mama akisonga bugali, baba alitukusanya watoto mbele ya mlango na kutufundisha historia. Alichukua kipande cha mkaa akaandika kwenye mbao za mlango majina ya wafalme wa Ubelgiji, mito na vituo vya reli. Mama alilalamika kwamba kila anayefungua mlango anaingia na Ubelgiji mkononi. Kesho yake aliufuta kwa kitambaa chenye maji, na jioni baba akaandika tena.

Nilizipenda jioni hizo. Nilipenda sauti yake, moshi, na wadogo zangu wakisinzia mmoja mmoja. Lakini historia yenyewe haikuninasa. Nilinaswa kwingine: kwenye zahanati ya Base Camp, katikati ya kambi, siku nilipompeleka mdogo wangu mwenye homa, na mpimaji wa damu akaniruhusu kuweka jicho kwenye hadubini. Niliona vidude vilivyokuwa ndani ya mdogo wangu. Tangu siku hiyo nilitaka biolojia, na sikutaka kingine.

Matokeo yalipotoka, shule yetu ya pale kambini ilimwandikia kila mmoja wetu kikaratasi: jina la somo, na namba mbele yake. Hakukuwa na maelezo. Nilipata mbili ya biolojia, tatu ya kemia, tatu ya hesabu, nne ya fizikia. Na chini kabisa, nane ya historia. Nilikimbia nyumbani na kumpa baba kikaratasi, nikingoja afurahi.

Na kweli alifurahi. Alivaa miwani, akapitisha kidole kutoka juu kwenda chini, akasimama penye historia.

"Mama ya batoto, kuya hapa," aliita. "Mutoto amepata nane mu histoire."

Mama alitoka na mwiko mkononi. "Nane juu ya ngapi?"

"Juu ya kumi. Sasa juu ya ngapi tena?"

Uelewe kwamba kwao ndivyo walivyosahihisha. Alama zilihesabiwa juu ya kumi, au juu ya ishirini, na mtoto mwenye nane juu ya kumi alichinjiwa kuku. Baba aliusoma mtihani wa Uganda kwa macho ya Kivu. Akaendelea kusoma, uso ukabadilika. "Lakini biologie, mbili. Chimie, tatu. Mama, wewe mutoto ulikuwa unalala?" Mama hapo ni mimi, ndivyo baba zetu wanavyowaita binti zao.

"Papa," nikamwambia, "hapa wanahesabu kinyume. Moja ndiyo ya juu. Hiyo nane ni mbaya. Mbili ndiyo nzuri."

Alivua miwani akaniangalia kwa huruma. "Nilifundishaka miaka mingi," alisema. "Kila mwaka kulikuwaka mutoto mwenye mbili, anakuya kunieleza kama mbili ni mingi. Mwingine alisema ni mvua ilifuta chaki. Lakini hakuna mwenye alisemaka eti inchi nzima inahesabia kichwa chini."

"Ni kweli, papa. Uliza walimu."

"Nitawauliza. Kwanza uniambie kwa nini unakataa historia."

Mama alikuwa bado amesimama pale, mwiko ukidondosha unga. "Mi niko najiuliza," alisema. "Nani anakataaka nane yake mwenyewe?"

"Mwenye anataka kwenda kupasua bachura," baba alimjibu. "Njo maana."

Mama alirudi jikoni. Niliona kwamba ameelewa, lakini baba alikuwa mwalimu na mama hakusoma, na katika mambo ya shule neno lake lilipewa heshima bila kufuatwa.

Baba hakusubiri kuwauliza walimu, akaamua. Ningekwenda Mbarara, kwenye shule ya bweni iliyokuwa imenikubali kwa kidato cha tano, na huko ningesoma historia. Angenipeleka yeye mwenyewe ili nisigeuze njia. Kwa mila yetu hilo lilitosha: mtoto haendi mbele ya mwalimu kumpinga baba yake. Kama angetamka "histoire" mbele ya wakubwa wa shule na wakaandika, basi biolojia ingeishia pale.

Jumapili kanisani, wakati wa ushuhuda, alisimama. Alimshukuru Mungu kwa safari, kwa shamba, kwa afya ya mama, halafu akasema: "Na binti yetu amepata nane mu historia." Wazee waliitikia amina. Akina mama walipiga vigelegele. Lakini vijana wa kwaya, waliosoma shule za Uganda kama mimi, waliinamisha vichwa kwenye vitabu vya nyimbo, na mabega yao yakawa yanatikisika. Tangu siku hiyo, nikipita kwenye bomba la maji, niliitwa Dada Nane. "Dada Nane, utatufundisha lini na sisi?" "Muache, ni mwenye akili, hata tisa anaweza." Nilicheka nao, kwa sababu ukikasirika jina linaganda. Lilikwisha kuganda hata hivyo.

Siku tuliyokwenda kuripoti tulipata nafasi mbele kwenye lori la mfanyabiashara mmoja wa Mbarara, Mwislamu mpole aliyenunua maharage ya baba kila msimu. Baba alimuuliza habari za watoto.

"Alhamdulillah," alisema yule mzee. "Wa kwanza alipita mwaka jana. History alipata tatu. Tulipika pilau, tukaita majirani."

Baba alimgusa mkono. "Pole, ndugu yangu. Atajikaza. Huyu wangu alipata nane."

Yule mzee alipunguza mwendo kidogo. Alinitazama, akatazama barabara. Nilimwona akitafuta neno ambalo halitamvunjia rafiki yake heshima mbele ya mtoto wake. Mwishowe akasema, "Mungu ni mkubwa," na baba akaitikia kwamba kweli ni mkubwa. Vumbi jekundu liliingia madirishani, ng'ombe wenye pembe ndefu walitupisha bila haraka, na hakuna aliyetaja shule tena mpaka tulipoviona vilima vya Mbarara.

Shule ilikuwa upande wa Ruharo. Tulipokelewa na mwalimu mkuu wa masomo, ambaye kazi yake ilikuwa kuwagawa wanafunzi kwenye mafungu yao. Alikuwa Mnyankore, mnene, mcheshi. Alipogundua kwamba baba hajui Kiingereza, alibadili akaongea Kiswahili cha kule Uganda, kile cha barabarani na sokoni, ambacho hakijali sarufi lakini kinafika.

"Mzee, karibu sana. Mtoto nataka kusoma nini?"

"Histoire," baba alisema, akamkabidhi kikaratasi.

Mwalimu alikisoma, akakiweka mezani. "History, na hii nane? Mzee, hapana. History hapa sisi nachukua mpaka tano."

"Mpaka tano tu?" Baba alitabasamu, akanigeukia. "Basi nane inapita."

"Inapita, mzee," mwalimu alisema. "Inapita kwenda chini."

Halafu, taratibu, akachukua kalamu akamwandikia baba namba zote, moja mpaka tisa, akamwonyesha kwa ncha ya kalamu palipo na furaha na palipo na kilio. Baba alifuata kwa kidole. Alipofika kwenye nane alisimama, kama alivyosimama siku ile nyumbani.

"Nani aliamua moja ikuwe juu?" aliuliza.

"Hata mimi nakuta hivyo tu. Ni kama mbio, mzee. Namba moja ndiyo nafika mbele."

"Na hizi mbili na tatu zake?"

"Hizo iko nzuri kabisa. Mimi mwenyewe sikupata." Alicheka, lakini alipoona baba hacheki akaacha. "Mzee, kwa science iko nafasi moja tu nabaki. Kuna wengine nangoja hapo nje. Historia tunaweza pia kumsaidia, kama unataka sana, naongea na mwalimu wake. Lakini wewe ndiye mzazi. Mpaka saa ya chakula, uniambie."

Nafasi moja. Nilitazama mlangoni, nikamwona mvulana na mama yake kwenye benchi, mama akimfunga kifungo cha shati. Nilidhani sasa mambo yamekwisha, kwamba namba zimenisemea. Lakini baba aliponyanyua kichwa kutoka kwenye zile namba nikaona kwamba hajakubali. Alikuwa ameaibika, na mtu aliyeaibika hakimbilii kukubali.

"Mwalimu," alisema, "namba zenye zinasimama kichwa chini, mi sitaweza kuzifuata tena. Leo umenieleza hivi, kesho mwingine atanieleza vile. Lakini mutoto, naweza kumusoma. Niache niketi naye mu darasa. Kipindi kimoja cha historia, kimoja cha biologie. Nyuma kabisa."

"Mzee nataka kuanza kidato cha tano?"

"Kama kuna fasi."

Wanafunzi wengine walikuwa wameanza wiki iliyotangulia. Tulipoingia darasa la historia waligeuka wote kumtazama mzee mwenye koti la Jumapili akijibana kwenye dawati la nyuma, magoti yakigusa ubao wa juu. Mwalimu wa historia alikuwa kijana mwembamba. Alichora ramani ya Afrika, akaanza kueleza jinsi Wazungu walivyoigawana. Baba hakuelewa maneno, lakini aliitambua ramani, na alipoisikia "Berlin" alinyooka. Aliposikia "Congo" aliegemea mbele. Muda mfupi baadaye mkono wake ulikuwa juu, na alikuwa akialisha vidole, tak, tak, tak, kama wanavyofanya watoto wa shule kwao wakitaka kujibu.

Darasa liliangua kicheko. Mwalimu aliwanyamazisha, akasema, "Ndiyo, mzee."

Baba alisimama, akaniambia nitafsiri. "Mwambie: ule mfalme wa Babelgiji mwenye alisemaka Congo ni yake, hakufikaka kule hata siku moja. Aliimeza tu kwa ramani."

Nikatafsiri. Hapo hapakuwa na kicheko. Mwalimu alimwomba aendelee, na baba akaendelea: habari za mpira, za wapagazi, za babu yake aliyebeba mizigo mpaka ziwani. Nilitafsiri nilivyoweza. Nilijua kila sentensi kabla hajaisema. Nilizijua kutoka mlangoni petu. Kengele ilipolia wanafunzi walimpigia makofi, na baba akainama kidogo. Sikuwahi kumwona hivyo. Tangu tuvuke mpaka, hiyo ilikuwa mara ya kwanza amesimama darasani.

Nikawaza: sasa nimepoteza. Nani atamwambia mtu huyu kwamba historia si chaguo zuri?

Kipindi cha biolojia kilifanyika kwenye maabara, chumba chenye meza ndefu na harufu ya spiriti. Mwalimu mama, mwenye kilemba, alikata viazi vya mviringo vipande vyembamba vilivyolingana. Alitumbukiza vingine kwenye maji matupu na vingine kwenye maji ya chumvi, akafundisha kidogo, kisha akavitoa. Vya maji matupu vilisimama vigumu kama vijiti. Vya chumvi vililegea, vikaning'inia kwenye vidole vyake. Akauliza maji yamekwenda wapi.

Sikumbuki kuinuka. Ninachokumbuka ni kwamba nilikuwa mbele, kwenye meza ya kwanza, kati ya wanafunzi nisiowajua, na kipande cha kiazi kilicholegea kilikuwa mkononi mwangu, na nilikuwa ninamweleza mwalimu kwamba maji yametoka ndani ya kiazi kwenda kuitafuta chumvi, na kwamba ndivyo mama anavyofanya na samaki kabla ya kumkausha, na je, damu nayo ingefanya hivyo? Mwalimu mama aliniuliza mimi ni wa darasa gani. Nikasema bado sijajua.

Tulitoka. Jua lilikuwa limepanda, harufu ya maharage ilitoka jikoni mwa shule. Baba alikaa kwenye ukingo wa bomba la maji, akafungua kifungo cha juu cha shati.

"Mu mtihani," aliuliza, "ile historia, uliandika nini?"

"Waliuliza reli ya Uganda, papa. Nikaandika reli ya Matadi, ile ya Congo."

"Yote?"

"Na mawe, na wapagazi, na babu. Kurasa nne."

Alifikiri. "Basi ulijibu vizuri swali lenye hawakuuliza." Akacheka, mara ya kwanza tangu asubuhi, na nikacheka naye. Kisha akasema jambo ambalo limebaki nami kuliko mtihani wowote. "Mu darasa la kwanza kulikuwa mwanafunzi mumoja mwenye alikuwa na njaa ya historia. Nilimuona vizuri. Alikuwa miye." Alinawa uso. "Na mu darasa la pili niligeuka kukuangalia, fasi yako ilikuwa wazi."

Tulirudi ofisini kabla ya saa ya chakula. Baba alisema "biologie" kwa sauti kubwa, kana kwamba yeye ndiye aliyeliwaza. Mwalimu mkuu wa masomo akaandika. Yule mama na mwanawe walikuwa bado kwenye benchi. Baadaye nilimkuta mvulana yule kwenye fungu la jiografia, akiwa na furaha yake, na tukawa marafiki.

Jumapili iliyofuata sikuwepo, lakini mama alinisimulia. Wakati wa ushuhuda baba alisimama tena. "Nane yenye niliwaambia," alisema, "ilikuwa ya chini. Nilisoma vibaya. Mungu alipokea shukrani, lakini hesabu zilikuwa zangu." Kisha akawaeleza kanisa zima, kwa mkaa, kwenye ubao wa matangazo, namna Uganda inavyohesabu. Walioaibika walikuwa wengi, si yeye peke yake. Mzee mmoja aligundua pale pale kwamba mwanawe aliyejisifia tisa miaka miwili mfululizo hakuwa na la kujisifia. Tangu hapo wazazi walimletea baba vikaratasi vya watoto wao awasomee, na kila mwanzo wa mwaka mbele ya nyumba yetu palikuwa na watu. Hakuwa mkulima tu tena.

Nami sasa ninafundisha biolojia, na kila mwaka vijana hunijia na swali lile lile: nichukue nini? Wengine wanachagua kwa sababu ya rafiki, wengine kwa namba, wengine kwa sababu baba amekwisha kutangaza. Siwacheki. Mzazi anayekuchagulia mara nyingi anakupa kitu alichokipenda yeye, na si rahisi kukikataa bila kumuumiza. Na namba zina maana, usizidharau. Lakini namba inasema ulivyojibu siku moja, na mtu akikutazama darasani ataona zaidi.

Kwa hiyo fanya hivi. Chagua siku ya masomo ya kawaida, siyo siku ya sherehe, uende kwenye shule unayoitaka. Omba kuketi nyuma ya darasa kwa kipindi kimoja cha kila somo unalolifikiria. Mchukue mzazi wako, mkae benchi moja. Mkitoka, usiseme kitu kwanza. Muulize yeye ameona nini.